interrupts au interrupts-extended: uandike ipi kwenye mti wa vifaa?

Mti wa vifaa (device tree) ni faili inayoieleza Linux bodi ina vifaa gani. Sifa hizi mbili hutaja katizo (interrupt) la kifaa, yaani ishara ya kuomba kushughulikiwa na prosesa. Swali hili linawahusu pia mafundi wa Nairobi wanaoweka Linux kwenye mita za maji na mitambo ya sola.

Kwa wepesi wa kuandika, `interrupts` inashinda. Unataja namba tu. Kidhibiti cha makatizo kinarithiwa kutoka nodi (kifungu cha mti) ya juu kupitia `interrupt-parent`. Ila urithi huo una mtego. Chukua sensa ya I2C (njia ya mawasiliano ya waya mbili) uliyonunua Luthuli Avenue, uunge waya wake wa katizo kwenye pini ya GPIO (pini ya matumizi ya jumla). Usipomtaja mzazi mpya, namba zako zitapelekwa kwa GIC, kidhibiti kikuu cha makatizo kwenye chipu za ARM, inayotaka seli (namba) 3 kwa kila katizo, ilhali GPIO kwa kawaida hutaka 2.

`interrupts-extended` hutaja mzazi papo hapo: `<&gpio1 17 8>`, yaani pini ya 17, katizo wakati ishara iko chini. Ni ndefu, lakini atakayekuja kurekebisha bodi haachwi akibahatisha. Kifaa chenye makatizo kwenye vidhibiti 2 tofauti kinaihitaji hasa. Ukiweka zote mbili, kerneli (kiini cha Linux) hufuata `interrupts-extended`.

Vifaa vyako vyote viko ndani ya chipu, chini ya GIC moja? Ya kwanza inatosha kabisa. Una sensa za nje zinazobadilishwa mara kwa mara? Hapo ningeandika ya pili.