Fundi bunduki wa Ng'ambo, Tabora: nampa nyota nne, ya tano kaipoteza kwa kunilaza mjini

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Nalima mahindi nje kidogo ya Sikonge, na nina bunduki ya .22 yenye leseni kwa jina langu. Kazi yake ni moja tu. Nyani wakishuka shambani, napiga risasi kwenye kichuguu kikubwa kule mwisho, nao wanatawanyika.

Mwezi wa tatu nilivuta kifyatulio, badala ya "pa!" nikasikia "tu", kama mtu kafungua soda. Kitako hakikunigonga bega, na kichuguu hakikutoa hata vumbi. Mpwa wangu akadakia, "Shangazi, piga nyingine, itaisukuma hiyo!" Nashukuru sikumsikiliza. Nilisubiri kidogo, mdomo wa bunduki ukielekea kichuguuni, nikatoa magazini na bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, nikamulika tochi kutokea nyuma. Giza tupu. Ganda lilitoka, kichwa cha risasi kimebaki ndani.

Kwanza nilimpelekea fundi wa kuchomelea wa hapa kwetu, ambaye simtaji. Alikuja na kipande cha nondo, nyundo na mtungi wa gesi, eti apashe mtutu moto risasi iyeyuke. Nilimpokonya bunduki yangu kabla hajawasha kiberiti.

Jirani akanipeleka Tabora kwa gari lake, kilomita kama 70. Fundi mwenyewe ni mzee kunizidi, anaita mtutu "kasiba" kama walivyokuwa wanaita zamani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kitabu cha leseni kiko wapi?"

Hakuigusa bunduki mpaka akalinganisha namba, na hapo nikaanza kumwamini. Kisha akaichungulia mwenyewe kuhakikisha hakuna risasi nzima ndani, ingawa nilishamwambia. Akaingiza ufito kutokea mdomoni, akautia alama, akaulaza juu ya mtutu kwa nje: risasi imekwama sentimita tisa tu kutoka chemba, pale nyuma risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Kwa hiyo itarudi ilikotoka, ndiyo njia fupi. Akadondosha mafuta mepesi mdomoni, akausimamisha mtutu kwenye kona, akaniambia, "Njoo kesho."

Kesho! Nilikuja na mkoba mmoja na chapati mbili. Gesti ilinila shilingi 20,000, na mbu wa Tabora wakala kilichobaki.

Asubuhi nilimkuta na ufito wa shaba ya njano, mnene kiasi cha kuingia bila kuchezacheza, ncha yake bapa. Chuma kigumu, anasema, kinakwaruza mifereji ya ndani, na ufito mwembamba unachimba risasi tu kwa sababu .22 ni risasi laini, ikitanuka inabana zaidi. Akagonga kwa nyundo ya mbao, polepole, huku akisikiliza. Nilihesabu mara 14. Ya 15 haikuhitajika, ikadondoka kwenye kopo.

Ningekuwa mimi ningelipwa na kuaga. Yeye alisafisha kwa brashi, akapitisha kitambaa kilichobana, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho: kikilegea ghafla mahali, ujue pametanuka. Hapakulegea. Akanionyesha mtutu wa mteja mwingine aliyepiga ya pili. Umevimba katikati kama nyoka aliyemeza panya. Huo ni chuma chakavu sasa, na mwenyewe ana bahati ya vidole vyake.

Chanzo? Boksi langu la risasi lilikaa stoo yenye bati linalovuja, masika mbili. Risasi ya .22 fataki yake, yaani kilipuzi kidogo cha kuwasha baruti, imefichwa ndani ya ukingo wa ganda. Fataki ikilipuka na baruti ikagoma kuwaka, risasi husogea kidogo na kukwama. Alinishauri zilizobaki nizikabidhi polisi, nisijaribu hata moja. Nimekabidhi.

Bei ni shilingi 35,000. Risiti hana, niliandikiwa kwenye karatasi ya daftari. Benchi la wateja ni ndoo iliyopinduliwa, na kwa magoti yangu haya hilo nalihesabu. Simu haipokei akiwa na kazi mkononi, sikumlaumu.

Mkitoka mbali, fikeni mapema na nguo za kubadili. Ijumaa baada ya saa sita msihangaike, yuko msikitini.