Bunduki ya bei nafuu kwa shabaha na kulinda nyumba: ianze ipi, ifuate ipi

Wengi wanaoulizia bunduki Dar es Salaam wanataka moja tu: Jumamosi iende uwanjani kulenga shabaha, usiku ilinde nyumba. Hizo ni kazi mbili tofauti. Shabaha inataka risasi za bei ya chini na mtutu usiotikisa bega. Nyumba ya Sinza au Tandika, ambako dirisha lako linatazamana na kitanda cha jirani, inataka silaha ambayo risasi yake haiendi mbali. Nimepanga hizi nikimfikiria huyo jirani kwanza.

Namba moja ni shotgani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), ya pampu, ile unayovuta mshiko wa mbele kupakia risasi, au ya mitutu miwili. Chembe ndogo za risasi yake huishiwa nguvu mapema kuliko risasi moja ya raifo, na silaha hiyohiyo unaweza kuitumia kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Usiamini maneno ya kijiweni kwamba shotgani haihitaji kulengwa. Kwa umbali wa sebule, chembe bado zimeshikana, kundi lake ni kama kiganja cha mkono, ukikosa, umekosa. Maverick 88 ya Marekani na Baikal za Urusi zinasifika kwa ugumu na bei ya kawaida. Hasara yake ni teke la begani ukifyatua, na risasi za kufanyia mazoezi humaliza pesa haraka kuliko za .22.

Namba mbili, raifo ya .22 (upana wa risasi kwa inchi) ya bolti, yaani kitasa cha chuma unachovuta kwa mkono kupakia kila risasi. Kama shabaha ndiyo shida yako hasa, ipandishe iwe ya kwanza wala usibishane na mtu. Risasi zake ni za bei ya chini kuliko za bunduki nyingine za baruti, mlio ni mdogo, na ndiyo saizi inayotumika kwenye mashindano ya Olimpiki ya mita 50. CZ 457 ya Jamhuri ya Czech ina mtutu wa kuaminika. Ila kwa ulinzi ni dhaifu, na udogo wake unadanganya: risasi hiyo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na bati au dari ya jipsamu haviizuii.

Ya tatu ni bunduki ya upepo ya milimita 4.5. Inafundisha pumzi na kidole kwenye kifyatulio, basi. Mwizi haiogopi, na polisi hawaichukulii kama mdoli, kwa hiyo uliza kituoni kabla hujaibeba kwenda nayo nyumbani.

Raifo kubwa, .308 na .30-06, naziweka mkiani. Ni za wawindaji. Kuifyatulia moja ndani ya nyumba ya Kinondoni ni kuhatarisha mtaa mzima.

Kabla ya duka kuna karatasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni, na safari huanzia serikali ya mtaa, ambako watu wanakufahamu, kisha polisi. Sababu ya kuomba iwe ya kweli, maana utaulizwa. Mwaka 2016 wamiliki wa Dar waliitwa kuhakiki silaha zao mbele ya polisi. Weka nyaraka zako mahali unapoweza kuzifikia haraka.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha kwanza haina risasi. Toa bolti, au fungua mitutu, weka karatasi nyeupe upande wa nyuma kisha chungulia kwa mbele. Mtutu mzima unang'aa kama kioo. Madoa meusi yenye mashimo ni kutu iliyokula chuma, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Ya mitutu miwili, ifunge uitikise karibu na sikio: ikigonga-gonga, bawaba imechoka. Kagua kitako kama kina ufa pale kinapokutana na chuma. Namba iliyochongwa lazima ifanane na ya kwenye leseni ya muuzaji, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imesuguliwa, rudisha silaha mezani uondoke, hata bei iwe ya kutupa.

Kwenye bajeti hesabu sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, na risasi zikae na kufuli yake pembeni. Nyumbani kuna watoto, dada wa kazi, wageni wa kulala. Wa Kigamboni, Kunduchi na Mbezi Beach waongeze chupa ya mafuta ya bunduki na tabia ya kuifuta mara kwa mara, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma. Ala ya ngozi au ya kitambaa ni ya safarini. Ukihifadhia humo, unyevu unabaki ndani na chuma kinaanza kuota kutu.

Na bunduki aliyoiacha marehemu mzee kabatini usiihesabu kuwa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Leseni ilikuwa yake, si ya familia. Toeni taarifa polisi, muikabidhi, kisha anayeitaka aanze maombi kwa jina lake.