Sivapithecus na Gigantopithecus: yupi ndugu wa kweli wa orangutani?
Fuvu la Sivapithecus, nyani mkubwa wa kale aliyekwisha kutoweka, kutoka Potwar, Pakistan, lililotangazwa mwaka 1982, ukilitazama utadhani ni orangutani, nyani mkubwa wa Asia anayeishi mitini: uso umebonyea, na matundu ya macho, marefu kwenda juu, yamekaribiana. Lakini mfupa wa mkono wake wa juu si wa mnyama wa kuning'inia kama orangutani. Alitembea juu ya matawi kwa miguu minne. Hapo undugu unatia shaka.

Gigantopithecus, nyani mwingine mkubwa wa kale, hana hata fuvu: ni meno na taya nne tu. Jino la kwanza mtafiti wa visukuku von Koenigswald alilikuta mwaka 1935 katika duka la dawa za jadi za Kichina, Hong Kong! Hata hivyo namwamini huyu zaidi. Mwaka 2019, protini za gego lake lenye miaka milioni 1.9, kutoka kusini mwa China, zilimweka jirani kabisa na orangutani, wakiwa wameachana miaka milioni 10 hadi 12 iliyopita.