FreeFileSync mikononi mwa fundi sauti: inakuonyesha kabla haijagusa

Nimeitumia FreeFileSync kutunza kazi za sauti kwa miaka sasa. Naiandikia leo kwa sababu wenzangu wengi wa studio bado wanaburuta folda kwa mkono kutoka diski hii kwenda ile, usiku, wakiwa wamechoka, halafu wanakwenda kulala wakiamini kazi iko salama. Ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na shughuli yake ni moja tu: kulinganisha folda mbili na kuzifanya zilingane jinsi ulivyoagiza. Ninachoipendea ni kwamba haigusi faili hata moja kabla ya kukuonyesha itakachofanya. Kwa mtu aliyekabidhiwa sauti za watu, hilo ni kubwa kuliko urembo wote ambao programu nyingine hujinadi nao.

Angalia mradi wa sauti ulivyo, utanielewa. Bendi ikipiga tamasha la saa 2 nawe ukarekodi treki 16, yaani mikondo 16 ya sauti inayorekodiwa kila mmoja peke yake, kwa ubora wa 48 kHz na biti 24, unatoka hapo na zaidi ya GB 16 za WAV, faili za sauti zisizobanwa. Hizo ukishazirekodi hazibadiliki tena. Kinachobadilika ni faili ya mradi, ndogo mno ukiilinganisha na WAV zenyewe, lakini ndiyo inayojua kila kitu: wapi umekata, wapi umepandisha besi, na katika rekodi zote za mwimbaji ni ipi uliyoichagua kwa kila mstari. Ikipotea hiyo, WAV unazo na kazi ya wiki nzima huna. Zikipotea WAV, mradi unafunguka ukiwa na treki tupu. Sasa ukiburuta kwa mkono, kompyuta inakuuliza kama ubadilishe faili zenye majina yanayofanana, mamia kwa mpigo, nawe unabofya ndiyo kwa zote bila kujua ipi ni mpya na ipi ni ya zamani.

FreeFileSync imegawa skrini pande mbili. Kushoto naweka diski ya kazi, kulia diski ya akiba. Ukibofya kitufe cha kulinganisha, inapitia pande zote mbili na kukupangia tofauti mstari kwa mstari, na katikati ya kila mstari kuna alama inayosema faili hiyo itafanywa nini: itanakiliwa upande wa pili, itachukua nafasi ya iliyopo, au itafutwa. Chini yake kuna jumla: ngapi zitaundwa, ngapi zitabadilishwa, ngapi zitafutwa, na data kiasi gani itasafiri. Hakuna kilichohama bado. Mimi muda wangu mwingi naumalizia hapo. Baada ya siku ya kuhariri natarajia kuona faili ya mradi imebadilika, pengine na WAV chache mpya. Nikiona WAV ya mwezi uliopita imeingizwa kwenye kundi la zilizobadilika, nasimama. Rekodi ghafi haina sababu ya kubadilika. Ama mtu ameifungua kwenye kihariri kinachoandika juu ya faili ileile, ama diski imeanza kuumwa. Vyovyote iwavyo, nimelijua hilo wakati nakala nzuri bado ipo, haijafunikwa na mbovu.

Usawazishaji una mitindo kadhaa. Two way hupeleka mabadiliko pande zote mbili, na kwa kazi za sauti siipendekezi, maana kosa la upande wowote linavuka. Update huongeza vipya na kubadilisha vilivyobadilika bila kufuta chochote. Mirror huufanya upande wa kulia uwe sawasawa na wa kushoto, pamoja na kufuta. Mimi natumia Mirror, ila sithubutu kuitumia bila kuwasha Versioning. Mirror peke yake inatii kupita kiasi: umefuta treki kushoto, na kulia nako inaondoka. Versioning ikiwashwa, kila faili iliyokuwa ifutwe au ifunikwe inahamishiwa kwenye folda nyingine uliyoichagua, ikiwa na tarehe na saa. Unaweza kupanga zikae siku ngapi, au yabaki matoleo mangapi.

Kipengele hicho kimewahi kuniokolea albamu. Miksi ilikuwa imekubalika, mradi umesafishwa kwa ile amri inayoondoa faili zisizotumika, diski imepumua. Kisha mwimbaji akasikiliza tena na kuomba kiitikio cha wimbo wa tatu kirudishwe kama alivyokiimba mara ya kwanza kabisa, kabla hajaambiwa alainishe sauti. Rekodi hiyo haikuwemo tena kwenye mradi wala kwenye nakala ya Mirror. Niliikuta kwenye folda ya matoleo, chini ya tarehe ya usafi ule, ikiwa na jina lake na urefu wake uleule. Nikaiburuta kwenye treki, ikakaa mahali pake, kwa sababu WAV za programu nyingi za kurekodi hubeba ndani yake alama ya muda ilipoanzia. Mwimbaji alikuwa sahihi, kile cha kwanza kilikuwa na uchungu ambao hakuupata tena.

Sasa namna ya kulinganisha. Kwa kawaida programu hutazama tarehe na ukubwa wa faili, na hiyo inatosha kwa kila siku kwa kuwa ni ya haraka hata ukiwa na maelfu ya WAV. Lakini kuna uharibifu usiogusa tarehe wala ukubwa: biti chache zinageuka ndani ya diski, na faili inabaki na sura ileile. Kwa hilo kuna njia ya pili, kulinganisha kwa yaliyomo, ambapo kila faili inasomwa mwanzo hadi mwisho pande zote mbili. Diski kubwa inaweza kuchukua usiku mzima. Naifanya kwa miradi iliyokwisha, ile ambayo haifunguliwi mara kwa mara. Na hapa nasisitiza: ikikuletea WAV yenye tarehe sawa na ukubwa sawa lakini yaliyomo tofauti, usibofye kitufe cha kusawazisha kwa mazoea. Programu haiwezi kujua upande upi ndio mzima. Sikiliza zote mbili kwa vipokea sauti vya masikioni, mpaka mwisho, ukitega sikio kwa mlio mkali wa ghafla au kimya kisichostahili. Ukishajua ipi ni nzima, geuza mwelekeo wa mstari huo kwa kubofya alama ya katikati.

Yapo isiyoyafanya, na wengi wanaumia hapo kwa kuitegemea kwa jambo ambalo halimo. Inanakili folda uliyoipa, basi. Kama mradi wako unaita ngoma kutoka folda ya sampuli iliyoko kwingine, au sauti ya mgeni aliyokutumia ukaiburuta moja kwa moja kutoka folda ya vilivyopakuliwa, hizo haizioni. Kabla ya kunakili, kusanya kila kitu ndani ya folda ya mradi. Kwa programu za kurekodi, Ableton Live ina amri ya Collect All and Save, Pro Tools ina Save Copy In yenye chaguo la kuchukua na faili za sauti, na Reaper unapohifadhi mradi kwa jina jipya inakupa kisanduku cha kunakili sauti zote kwenye folda ya mradi. Plagini nazo, zile programu ndogo za sauti zinazochomekwa ndani ya programu ya kurekodi, hazinakiliki hivihivi. Leseni ikiisha au kampuni ikifungwa, mradi utafunguka na nafasi tupu pale palipokuwa na sauti uliyoihangaikia. Kwa hiyo kila kazi iliyokamilika naitolea treki moja moja kama WAV, zote zikianzia sekunde sifuri, na folda hiyo nayo inaingia kwenye nakala. Faili za picha ya mawimbi, kama zile za .reapeaks, naziwekea kichujio ziachwe, kwani programu ya kurekodi inazitengeneza upya yenyewe.

Haifungi data kwa nywila pia. Ukitunza mahojiano ya siri au nyimbo ambazo hazijatoka, ifunge diski yenyewe kwa programu ya kufunga diski kama BitLocker, FileVault au VeraCrypt.

Inakuja na mwenzake aitwaye RealTimeSync, anayekaa akiichungulia folda na kuanzisha usawazishaji kila inapobadilika. Wengine wanamsifu sana. Mimi wakati wa kurekodi namzima. Diski inayopokea treki nyingi kwa pamoja isisumbuliwe na kazi ya pili, na sitaki chochote kifanyike bila mimi kuiona ile orodha, maana orodha hiyo ndiyo sababu ya kuitumia programu yenyewe.

Kuhusu mtandao: inaunganika na Google Drive, na pia na seva za mbali kwa njia za FTP na SFTP, na hilo linafaa kwa nakala ya mbali, ingawa kulinganisha kwa yaliyomo huko kunalazimu kila faili ishushwe. Hata hivyo naipendelea kuliko kuiacha huduma ya mtandaoni isimamie folda ya kazi yenyewe. Huduma moja niliyokuwa nikilipia, ilipoona diski inajaa, iliziacha WAV za zamani zibaki mtandaoni tu, na kwenye kompyuta zikabaki majina matupu. Nilifungua mradi mwimbaji akiwa mbele ya maikrofoni, intaneti ikiwa dhaifu, na nusu ya treki hazikusikika. Tulikaa tukisubiri zishuke huku sauti yake ikipoa.

Nakala ya mbali ni ya lazima, programu iwe nzuri vipi. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliwaka Universal Studios Hollywood na kuteketeza kanda za asili za muziki zilizokuwa ghalani, na umma haukupata kujua uzito wa hasara hiyo hadi 2019. Na mwaka 2024 Iron Mountain, kampuni inayotunza kumbukumbu za kampuni kubwa za muziki, ilieleza kwamba takriban moja kati ya kila diski tano za miaka ya 1990 zilizowafikia haisomeki kabisa. Diski hizo hazikuungua, zilikaa tu kabatini. Ndiyo maana nafuata kanuni iliyoenezwa na mpigapicha Peter Krogh: nakala 3, aina 2 za vyombo, na 1 iwe mahali pengine. Yangu ni SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya kazi, diski ya kawaida ya kuzunguka kwa akiba, na nyingine ya kuzunguka inayokaa mbali na studio, ninayoirudisha kwa zamu. SSD siitumii kwa kuhifadhi kabatini, kwa kuwa ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza data. Kila jozi ya diski ina mpangilio wake uliohifadhiwa, naufungua kwa kubofya mara moja, folda na vichujio viko tayari.

Malalamiko yangu ni machache. Dirisha la mipangilio limejaa vitu na mgeni anaweza kupotea, na tofauti kati ya Mirror na Update ingestahili onyo kubwa zaidi kwa anayeanza. Toleo la kubebeka kwenye fleshi linapewa waliochangia pesa tu. Nimechangia, na sijutii.

Jambo la mwisho ni kurejesha. Kuna kitufe cha kubadilishana pande, na kinashawishi sana siku diski ya kazi ikileta shida: unageuza tu na Mirror inarudisha kila kitu. Usifanye hivyo juu ya folda ya zamani, kwani kilichorekodiwa baada ya nakala ya mwisho kitahesabiwa kama ziada na kuondolewa. Rejesha kwenye folda mpya iliyo tupu, chomoa diski ya awali, fungua mradi kutoka huko, kisha sikiliza treki moja baada ya nyingine peke yake. Programu ya kurekodi ikikuambia kuna faili haionekani, diski ya awali bado ipo mezani na unaweza kuitafuta.