Nimesaidiwa kusajili mama SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) na mhudumu wa afya wa mtaa, na sijalipa hata bob

Nampa tano kwa tano huyu dada, wale wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba na begi na simu. Mama yangu anauza mboga, tangu bima ya zamani ya NHIF iishe Oktoba 2024 hakuwa na bima yoyote, na kuna saiba (duka la intaneti) moja hapa stage ilishamwitisha 500 ya kusajiliwa, jamani kusajili SHA ni bure kabisa, hata wewe mwenyewe unapiga *147# ukiwa na kitambulisho!!

Dada alikaa na sisi karibu saa nzima. Kazi iko kwa yale maswali ya kupima uwezo, paa ni ya nini, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, maana hayo majibu ndiyo yanaamua utalipa ngapi kwa mwaka. Mama alitaka kujibu haraka haraka amalize, dada akamwambia pole pole mama, sema vile kulivyo tu. Chini kabisa ni 300 kwa mwezi, ila walio kwa biashara ndogo wanalipa ya mwaka mzima pamoja, na hapo ndio watu wanakwama sana.

Nilichopenda zaidi alimweleza zahanati na kituo cha afya anatibiwa akishasajiliwa tu hata kama hajalipa mchango, kulazwa ndio lazima awe amelipa. Hilo hatukuwa tunajua, na mama ana presha.