mdadm au ZFS: diski pacha kwenye seva ya Linux

Seva ya mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, yenye diski mbili za TB 4, itabaki na TB 4 za kutumia kwa njia yoyote kati ya hizi mbili za kuandika data ileile kwenye diski zote mbili: mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski) au ZFS (mfumo wa faili unaofanya kazi hiyo wenyewe).

mdadm ni nyepesi, hata RAM ya GB 1 inaitosha. `mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sda1 /dev/sdb1` (amri hii inafuta kilichomo), kisha weka mfumo wa faili wa ext4 juu yake. Kama mfumo wenyewe unakaa humo na mashine ni ya BIOS (uwashaji wa zamani, si UEFI), endesha `grub-install`, inayoweka programu ya kuwasha mfumo, kwenye diski zote mbili. Bila hivyo ya kwanza ikifa, seva haiwaki. Kasoro yake kubwa: nakala zikitofautiana, haijui ipi ni sahihi.

ZFS inajua, kwa sababu kila kipande cha data kina alama ya uhakiki. Kilichoharibika hurekebishwa kutoka diski pacha. Ukibadilisha diski, ZFS hunakili data iliyopo tu. Mdadm hunakili diski nzima, saa nyingi za roho juu. Ukiunda ZFS, tumia majina ya `/dev/disk/by-id`, si sda, ambalo linaweza kubadilika. Ila kwenye Debian moduli ya ZFS hujengwa upya kila kerneli (kiini cha Linux) mpya inapoingia, na ujenzi ukishindwa data haifunguki.

Kwa hesabu za biashara, chagua ZFS na RAM ya GB 8. Kompyuta kuukuu ipe mdadm. Umeme ukikatika ghafla, zote hupoteza data ambayo haijafika diskini, hivyo nunua UPS kwanza.