Sahani za nyuzi za nano: seli zimezipenda, mimi bado nanung'unika

Nimetumia sahani mbili za vishimo 24, kila kishimo kikiwa na kiunzi (kishikizo cha seli) cha nyuzi za nano, yaani nyembamba mno, za plastiki iitwayo polikaprolaktoni, kuoteshea seli za mfupa wa panya (MC3T3-E1). Jina la kampuni naliacha, maana mzigo wa pili bado tunabishania.

Msiziingize kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Plastiki hii inayeyuka kwenye sentigredi 60 hivi, na otoklevu inafika 121. Mwanafunzi wetu mmoja alisahau, tukatoa kitu kama mshumaa uliokesha. Mimi naloweka kwa ethanoli ya asilimia 70 nusu saa, kisha nasuuza mara tatu. Ukiruka ethanoli, midia (maji ya kulishia seli) inakaa juu ya kiunzi kama tone la mvua kwenye jani la gimbi, haizami.

Hapo kwenye kusuuza ndipo waliponiudhi. Vishimo vitano katika sahani ya kwanza, kiunzi kilibanduka na kuanza kuelea kama utando wa maziwa. Unakifukuza kwa ncha ya pipeti, nacho kinajikunja. Vitano vyote nikavitupa. Sahani ya pili nilibana kila kiunzi kwa ringi ya silikoni, kikatulia.

Seli zenyewe hazina lawama. Kwenye plastiki tupu zinalala bapa kama chapati. Humu, siku ya tatu tu, zilikuwa zimejinyoosha kufuata nyuzi. Si ajabu, nyuzi hizi ni nyembamba chini ya mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), zinakaribia zile za protini ya kolajeni ndani ya mfupa. Nikazipa vitamini C, deksamethasoni na beta-gliserofosfeti ili zitengeneze madini ya mfupa. Siku ya 21 nikatia alizarini, rangi inayoshika kalisi: wekundu wa juisi ya choya! Ila wekeni na kiunzi kisicho na seli cha kulinganishia, maana hata kile changu kitupu kilibaki na uwaridi kidogo.

Kwenye boksi wameandika kwamba seli zinakua pande zote tatu. Nilikata kipande nikakiangalia ubavuni kwa hadubini: zimejaa juu, ndani hakuna kitu. Matundu kati ya nyuzi ni madogo kuliko seli. Huo ni mkeka, wao wanauza kama godoro.

Nyota tatu. Ringi za silikoni nimeshaagiza mfuko mzima.